Uache Lini Kazi ya Hoteli Uende Penye Mshahara Mzuri: Mwongozo kwa Wahudumu na Wapishi wa Nairobi

Thelathini elfu za Lavington zinaweza kuwa kidogo kuliko ishirini na mbili elfu za Tao, yaani katikati ya jiji. Ukilisikia hilo mara ya kwanza utadhani ni maneno ya meneja asiyetaka kuongeza watu mshahara, ila aliyebeba sinia mji huu miaka miwili mitatu anajua lina ukweli. Nauli, chakula cha stafu, tipu, shoti (hasara unazokatwa) na saa ya kufunga ndizo huamua unafika nyumbani na nini. Rafiki akikupigia simu usiku kukuambia kuna nafasi mahali, hataji hata moja kati ya hizo.

Nimewahi kuomba kazi hizi, na nimewahi kuwasaili wanaoziomba. Msimamo wangu ni kwamba uondoke, tena bila kuona haya, mradi umepiga hesabu kwa shilingi na barua ya ajira iko mkononi mwako. Hoteli ina watu kumi wanaongoja nafasi yako mlangoni, kwa hiyo usijidanganye kwamba itaanguka ukiondoka. Wala wewe usiondoke kwa hasira ya siku moja.

Hatua ya 1: Jua unacholipwa sasa

Wengi hawajui. Wanajua tarakimu waliyoambiwa siku ya kwanza, na wanajua kinachoingia M-Pesa tarehe tano. Katikati ya hizo mbili hawajui kitu.

Anza na peslipu. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri akupe taarifa ya maandishi ya mshahara na makato yake. Utaona NSSF (akiba ya uzeeni) asilimia 6, SHIF (bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024) asilimia 2.75, ushuru wa nyumba asilimia 1.5, na PAYE (kodi ya mapato) kama mshahara umefika kiwango. Kisha hakikisha pesa hizo zimefika zinakotakiwa kufika. Fungua akaunti yako ya NSSF mtandaoni uangalie miezi sita iliyopita. Ukikuta makato yalikatwa na hayakupelekwa, anza kutafuta kwingine leo, maana mwajiri anayekula akiba yako hatashindwa kula mshahara wako wa mwisho.

Angalia pia kama unalipwa chini ya sheria. Amri ya mishahara iliyoanza Novemba 2024 ilimweka kibarua wa kawaida hapa Nairobi kwenye shilingi 16,113.75 kwa mwezi, kabla ya posho ya nyumba. Weita na mpishi wamo katika daraja lililo juu kidogo ya hapo. Ukiwa unapokea elfu kumi na mbili kwa mwezi mzima, usiitafutie maneno mazuri: unapunjwa, na hesabu nyingine zote zilizo hapa chini zitakuwa rahisi sana kwako.

Sasa tipu. Hapa ndipo watu hujidanganya, kwa sababu kila mtu hukumbuka ile Jumamosi mzungu mmoja aliacha elfu mbili, na hakuna anayezikumbuka Jumatatu nne za mvua. Omba taarifa ya M-Pesa ya miezi sita, upige mstari chini ya kila pesa iliyotoka kwa mteja. Zile za mkononi ziandike kwenye daftari kila usiku kwa mwezi mmoja kabla hujavua aproni. Ukimaliza utakuwa na tarakimu tatu: mwezi mzuri, mwezi wa kawaida na mwezi mbaya. Desemba iweke kando kabisa, isikuharibie wastani.

Uliza pia tipu zinazoingia kwenye tili ya hoteli, yaani namba yake ya malipo ya M-Pesa, huenda wapi. Mteja akilipa bili ya 1,850 kwa kutuma 2,000 kwenye tili, ile 150 ni yako kwa nia yake, lakini iko kwenye akaunti ya mdosi, mwenye hoteli. Kuna mahali keshia huitoa jioni hiyo hiyo, kuna mahali hujumlishwa na kugawanywa mwisho wa wiki, na kuna mahali hupotea tu. Na usichanganye mambo: ile asilimia 2 ya ushuru wa utalii unayoiona kwenye risiti huenda kwa Hazina ya Utalii, haijawahi kuwa ya wafanyakazi. Kama risiti ina ada ya huduma, hiyo sasa ndiyo ya kuulizia inavyogawanywa.

Chakula cha stafu nacho kina bei. Ugali na sukuma ya saa tisa, ambayo kila mtu huilalamikia, ingekugharimu pesa kwenye kibanda. Ukila mara mbili kazini siku 26, hizo ni pesa ambazo hukuzitoa mfukoni. Ziandike.

Shoti ziandike upande wa pili. Mteja akitoroka bila kulipa, glasi zikivunjika, oda ikiingizwa vibaya kwenye mashine, hoteli nyingi hukata weita. Sheria hairuhusu makato ya ovyo: inaruhusu kukatwa kwa hasara uliyosababisha kwa makusudi, au pesa zilizopungua kwa uzembe au ulaghai wako ikiwa mkataba ulikukabidhi kazi ya kushika pesa. Tena makato yote kwa pamoja hayafai kuzidi theluthi mbili ya mshahara. Mteja aliyekimbia kupitia mlango wa nyuma hakukimbia kwa makusudi yako. Hata hivyo kwa hesabu ya leo andika kile unachokatwa kweli, kiwe halali au haramu.

Hatua ya 2: Ulize moyo wako kama ni pesa au ni mtu

Hii ni fupi. Kama ungeongezwa elfu tano kesho ungebaki? Ukijibu ndiyo, tatizo ni pesa, na kuna uwezekano wa kuzipata hapo hapo. Ukijibu hapana, tatizo ni supavaiza, au shifti, au umechoka na weita mwenzako anayenyakua meza zako. Ukihama kwa sababu ya mtu, mshahara mpya usikutie upofu: supavaiza kama huyo wako yuko Westlands pia.

Kuna mambo ambayo hayahitaji hesabu. Mshahara ukichelewa miezi miwili mfululizo, ukinyimwa siku ya kupumzika (sheria inakupa angalau siku moja katika kila siku saba), au ukishikwashikwa na mkubwa wa kazi, anza kutafuta mara moja.

Hatua ya 3: Omba nyongeza kwanza

Usiombe Ijumaa jioni wala tarehe ishirini na nane. Omba Jumanne au Jumatano asubuhi kabla ya watu wa chakula cha mchana, tena faragha. Nenda na vitu vinavyohesabika: wateja wanaokuja wakikuuliza kwa jina, wageni uliowafundisha kazi, siku ulizoshika kaunta keshia alipokosekana. Maneno kama "maisha yamepanda" hayamsaidii meneja kumshawishi mdosi, kwa sababu yamepanda kwa kila mtu.

Sema kiasi. "Naomba tufike elfu ishirini na sita kuanzia mwezi ujao" inajibika. "Naomba mniangalie" haijibiki. Ukiambiwa subiri, uliza subiri hadi lini, na siku hiyo ikipita kimya umeshapata jibu lako.

Usitishie kwamba una kazi kwingine kama huna. Mji huu ni mkubwa lakini hoteli zake zinajuana. Mameneja walisoma pamoja Chuo cha Utalii pale Thika Road, na wako kwenye makundi yale yale ya WhatsApp.

Hatua ya 4: Tafuta ukiwa bado kazini

Andaa karatasi kabla ya kuanza kupiga simu. Cheti cha afya cha mshika chakula hufanyiwa upya kila miezi sita, na hoteli yenye akili haikuruhusu kugusa sahani bila hicho. Cheti cha tabia njema cha DCI (polisi wa upelelezi) kinaombwa kupitia eCitizen, kisha unakwenda kutoa alama za vidole. Ongeza namba ya NSSF, PIN ya KRA, na watu wawili wa kukutolea ushahidi wa kazi ambao si meneja unayemkimbia.

Ukishapata jina la mahali, usitume maombi kabla hujaenda kupaona. Nenda siku yako ya ofu, Jumanne saa saba mchana, uagize chai au soda uketi. Hesabu meza zenye watu. Hesabu weita. Kama kuna weita wanane na meza tano, tipu hazipo, hata wakuambie nini kwenye usaili. Tazama wanavyotembea, tazama kama supavaiza huwagombeza mbele ya wateja. Ukitoka, msalimie askari wa langoni. Ndiye anayejua wafanyakazi hutoka saa ngapi usiku, hutoka na gari gani, na wangapi wameacha kazi mwaka huu. Dakika kumi na askari huyo zinazidi tangazo lolote la kazi.

Mkionana kwa usaili, uliza haya bila kuona haya:

Mshahara huo ni kabla ya makato au baada? Posho ya nyumba imo ndani? Tipu zinagawanywa vipi, na jikoni hupata kiasi gani? Stafu hula mara ngapi? Shifti ya usiku inafungwa saa ngapi, na kuna gari la kushusha watu? Shoti hukatwa nani? Kipindi cha majaribio ni miezi mingapi? Mshahara huingia tarehe ngapi?

Anayeajiri akikasirishwa na maswali hayo, amekujibu yote kwa pamoja.

Kuhusu siku za kujaribiwa: siku moja kukuona mkono ni kawaida, hasa kwa mpishi. Wiki nzima bila malipo ni ujanja wa kuziba pengo la wikendi. Wengine huendesha hoteli nzima kwa watu wa kujaribiwa.

Hatua ya 5: Weka ofa mbili kwenye karatasi moja

Tuchukue mfano. Weita anakaa Umoja, anafanya kazi Tao, mshahara 22,000. Kwa viwango vya mwaka 2025, NSSF ni 1,320, SHIF 605, ushuru wa nyumba 330. PAYE hakuna, kwa sababu nafuu ya kodi ya 2,400 inaimeza yote. Anabaki na 19,745. Tipu za mwezi wa kawaida ni 8,500. Nauli ni 80 kwenda na 80 kurudi, siku 26, yaani 4,160. Shoti kama 600. Anakula mara mbili kazini. Kinachobaki mkononi: 23,485.

Lavington wanampa 30,000. NSSF 1,800, SHIF 825, ushuru wa nyumba 450. Sasa PAYE inaingia: kinachotozwa kodi ni 26,925, na kile kilichozidi 24,000 kinatozwa asilimia 25, kwa hiyo anakatwa karibu 731. Anabaki na 26,194. Nyongeza ya elfu nane imeshakuwa 6,449 kabla hajapanda gari. Tipu hapo hugawanywa na kila mtu, fungu lake ni 5,000. Kutoka Umoja anapanda matatu mbili, 180 kwenda na 180 kurudi, jumla 9,360 kwa mwezi. Chakula ni mara moja tu, cha jioni anajinunulia kwa 150, na hiyo ni 3,900 nyingine. Kinachobaki: 17,934.

Amepandishwa mshahara kwa elfu nane na amepoteza 5,551.

Pima na saa pia. Tao alikuwa kazini saa 9 na barabarani saa 2. Lavington ni shifti ya kukatwa katikati, mchana na usiku, na zile saa za katikati hawezi kwenda popote. Ukiweka na safari ni saa 14. Gawanya: Tao alikuwa akipata kama shilingi 82 kwa kila saa aliyokuwa nje ya nyumba, Lavington ni 49.

Je, akihamia Kawangware? Mchana atatembea kwa miguu hadi Lavington, usiku achukue bodaboda ya 100. Hapo kinachobaki kinapanda hadi 24,694, yaani faida ya 1,209 kwa mwezi, lakini kuna gari la kuhamisha vitu, amana ya nyumba mpya, na labda mtoto wa kubadilishiwa shule. Faida hiyo itachukua miezi mingi kurudisha gharama hizo.

Sijachagua mfano huu ili nikutishe ubaki. Badilisha vitu viwili tu, gari la stafu usiku na chakula mara mbili, na hata akiendelea kukaa Umoja Lavington inashinda kwa kama elfu tatu. Ndiyo maana maswali ya Hatua ya 4 yana thamani kuliko kubishana juu ya mshahara wenyewe. Mara nyingi meneja hawezi kukuongezea elfu tatu, lakini anaweza kukuweka kwenye gari linalopita Jogoo Road kuelekea Umoja.

Kiwango changu ni hiki, na unaweza kuwa na chako: kama kinachobaki mkononi hakizidi cha sasa kwa asilimia ishirini kwa hesabu ya mwezi mbaya, sihami kwa ajili ya pesa peke yake. Naweza kuhama kwa ajili ya ujuzi. Mpishi anayekaanga chipsi miaka minne akipata nafasi ya kukata nyama au kuoka mikate chini ya mpishi mkuu anayefundisha, hata kwa mshahara ule ule, aende. Barista anayetoka kwenye mashine mbovu kwenda mahali wanapokaanga kahawa yao, aende. Mwaka mmoja wa kazi kama hiyo utamwongezea mshahara zaidi kuliko kuhamahama baina ya hoteli tatu zinazofanana.

Kumbuka pia hatari ya majaribio. Sheria inaruhusu hadi miezi 6, na ndani ya kipindi hicho wanaweza kukuachisha kwa notisi ya siku 7, kama wewe nawe unavyoweza kuondoka kwa siku 7. Kazini kwako sasa una ulinzi mkubwa zaidi. Huo nao ni mshahara, ingawa hauandikwi kwenye peslipu.

Hatua ya 6: Chagua mwezi

Usiondoke Novemba. Karamu za maofisi, harusi na jamaa waliorudi kutoka ng'ambo hujaza meza hadi mkesha wa mwaka mpya, na tipu za Desemba hulipa karo. Tatizo ni kwamba anayeondoka baada ya sikukuu hutua kwenye Njaanuari, mezani hakuna mtu. Kwa anayeishi kwa mshahara zaidi kuliko tipu, Januari si mbaya: hoteli nyingi hupoteza watu wakati huo na zinaajiri. Kwa anayeishi kwa tipu, toa notisi mwisho wa Januari uanze kazi mpya Machi. Kama hoteli yako iko Eastleigh, mtaa wenye Waislamu wengi, angalia Ramadhani inaangukia wapi, maana mchana kutakuwa kimya na jioni ndiyo yenye kazi.

Weka akiba ya kodi ya mwezi mmoja, nauli ya mwezi mmoja na unga. Ukianza kazi mpya tarehe kumi, huenda usilipwe hadi mwezi wa pili, na wateja wapya hawajakuzoea. Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, ilipe kabla, la sivyo kila tipu itakayoingia kwenye simu itamezwa kabla hujaiona. Deni la mdosi, yaani ile advansi, lipige hesabu nalo, kwa sababu litakatwa kwenye malipo ya mwisho.

Hatua ya 7: Barua

Usiandike barua kabla hujashika barua ya ajira mpya iliyotiwa sahihi, yenye mshahara, cheo, tarehe ya kuanza na kipindi cha majaribio. Ujumbe wa WhatsApp unaosema "karibu sana, anza Jumatatu" sio ajira. Watu wameacha kazi kwa ujumbe kama huo, kisha mwenye hoteli akabadili mawazo.

Ukilipwa kwa mwezi, notisi ni siku 28 kwa maandishi, isipokuwa mkataba wako umesema muda mrefu zaidi. Unaweza kulipa mshahara wa notisi badala ya kuitumikia, lakini kwa mshahara wa hoteli sioni anayefurahia hilo. Ni afadhali kumwambia mwajiri mpya utaanza baada ya mwezi. Akikataa kungoja, jiulize atakutendea nini siku utakayomwacha yeye. Usitoroke. Kutoweka bila ruhusa ni kosa kubwa kisheria, na kunampa mwajiri nafasi ya kukufuta na kukuzungusha na pesa zako.

Anayelipwa kwa siku anaweza kuondoka jioni bila notisi. Ila kama umefanya kazi mfululizo mwezi mzima au zaidi huku ukiitwa kibarua, sheria inakuhesabu kama mwajiriwa wa mwezi, na hapo notisi ya siku 28 inawahusu nyote wawili. Watu wengi wa vibanda na hoteli za River Road hawajui hilo.

Barua iwe fupi, Kiswahili au Kiingereza:

"Kwa Meneja. Ninatoa notisi ya siku 28 ya kuacha kazi yangu ya mhudumu kuanzia leo tarehe ____. Siku yangu ya mwisho itakuwa tarehe ____. Naomba niandaliwe malipo ya siku nilizofanya kazi, siku za likizo ambazo sijachukua, na cheti cha utumishi. Nitakabidhi sare, funguo na vifaa vyote. Asante kwa nafasi mliyonipa."

Usitaje sababu. Usitaje unakokwenda. Andika nakala mbili, meneja atie sahihi na tarehe kwenye yako. Akikataa, itume kwa barua pepe au WhatsApp yake siku hiyo hiyo ili saa ionekane.

Meneja akisema "basi ondoka leo", usibishane wala usitoe maneno. Sheria inasema ukitoa notisi na mwajiri akaamua usiitumikie, anakulipa siku zilizobaki, isipokuwa mmekubaliana vingine. Kwa hiyo usitie sahihi karatasi yoyote inayosema umekubali kuondoka bila malipo.

Akikuongeza mshahara ghafla ili ubaki, rudi kwenye karatasi ya Hatua ya 5. Mimi humwambia mtu akubali tu ikiwa nyongeza imeandikwa na inaanza mwezi huu. Na ajue kwamba tangu siku hiyo meneja anamtazama kama mtu aliyekwisha kuondoka.

Hatua ya 8: Dai kilicho chako

Siku ulizofanya kazi zilipwe zote. Likizo ni siku 21 za kazi kwa mwaka, na ukiondoka katikati ya mwaka baada ya miezi miwili au zaidi, unahesabiwa angalau siku moja na robo tatu kwa kila mwezi uliokamilika. Miezi minane bila likizo ni siku 14, na hizo ni pesa. Malipo ya utumishi kwa kila mwaka uliofanya kazi hupewa wale ambao hawamo kwenye NSSF wala mpango mwingine wa pensheni, kwa hiyo aliyesajiliwa NSSF asiyategemee.

Cheti cha utumishi ni haki ya aliyefanya kazi wiki nne au zaidi. Mwajiri halazimiki kukuandikia barua ya sifa, lakini cheti hicho lazima akitoe, na ndicho utakachokionyesha hoteli ya tatu na ya nne.

Siku ya mwisho kabidhi kila kitu kwa maandishi. Keshia ahesabu pesa mbele ya atakayempokea, wote watie sahihi. Sare irudi imefuliwa. Piga picha kabati lako likiwa tupu. Shoti kubwa kuliko zote huzaliwa wiki moja baada ya mtu kuondoka, wakati hayupo kujitetea.

Wakikuzungusha, andika barua ya kudai, halafu nenda ofisi ya leba ya kaunti na nakala zako. Kama uliachishwa kwa dhuluma, malalamiko kwa afisa wa leba yapelekwe ndani ya miezi mitatu. Kesi kortini ina miaka mitatu. Kama hoteli yako ina makubaliano na KUDHEIHA, chama cha wafanyakazi wa hoteli, anza na mwakilishi wa chama, hiyo ndiyo kazi yake na umeshamlipa kwa makato ya kila mwezi.

Kama ofa ni ya nchi za Ghuba (Uarabuni)

Hesabu ni ile ile, ila makosa yake ni ghali zaidi. Wakala awe kwenye orodha ya wenye leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA. Mkataba usomwe ukiwa bado Nairobi, wenye jina la hoteli, mshahara kwa pesa za huko, malazi na tiketi ya kurudi. Anayekwambia utasafiri kwa viza ya utalii halafu "mambo yatarekebishwa huko" muache na viza yake.

Wiki ya kwanza kwenye kazi mpya

Mpe mwajiri namba yako ile ile ya NSSF, usisajiliwe upya. Andika tipu kwenye daftari tangu usiku wa kwanza. Mshahara wa kwanza ukiingia, linganisha peslipu na barua ya ajira mstari kwa mstari, na ukiona tofauti uliza wiki hiyo hiyo. Usingoje majaribio yaishe, kwa sababu tofauti iliyonyamaziwa miezi sita hugeuka kuwa mshahara wako.